Thelma Rudge na Masanduku ya Posta ya Malkia Victoria

Marehemu Thelma Rudge alizaliwa Ludlow, Uingereza, tarehe 9 Machi 1946, mtoto wa pekee wa fundi saa Horace Preece na mkewe Ivy. Alisoma hapo hapo mjini hadi mwaka 1961, kisha akaajiriwa katika duka la viatu kupima miguu ya watoto. Wengi mlioketi hapa aliwahi kuwatekenya nyayo.

Tarehe 5 Juni 1971 alifunga ndoa na Clive Rudge. Njiani kwenda kanisani alisimamisha gari. Ukutani, nyuma ya majani, aliona sanduku la posta jekundu lenye herufi V na R, alama ya Malkia Victoria.

"We Thelma, bwana harusi anangoja!" baba yake akafoka.

"Huyu bibi kangoja tangu babu yako hajazaliwa. Clive atashindwa robo saa?"

Toka siku hiyo yeye na Clive hawakwenda kununua mkate wala kumjulia hali mgonjwa bila kuzunguka njia ndefu, huenda wakaona "bibi" mwingine, yaani sanduku jingine la Victoria. Clive alilalamika kwamba chai inapoa kwenye chupa. Alilalamika, na aliendesha.

Mwaka 2021 kisukari kilimpofusha Thelma. Clive akawa anamsomea herufi za kila sanduku. Kisha figo nazo zikachoka. Mwishoni mwa Septemba mwaka huu Thelma alisikia kwamba kijiji fulani kina bibi ambaye hawajawahi kumwona, akaomba apelekwe. Clive alipotea njia. Alipoona mkewe anavyotetemeka kwa baridi, alisimama kwenye sanduku la kwanza alilokutana nalo.

"Ndiye?"

"Ndiye, mpenzi. V na R, safi kabisa."

Thelma akaingiza vidole kwenye tundu la barua. Mkono ukazama hadi kifundo cha kiganja.

"Clive Rudge, mwongo mkubwa! Bibi ana mdomo mwembamba. Huyu ni mjukuu wake, Mfalme George."

Walicheka mpaka wakashikana wasianguke.

"Basi Jumamosi nipeleke kwa bibi mwenyewe. Na usipotee tena, mzee."

Ijumaa Clive alijaza petroli, akatandika blanketi kiti cha mbele. Jioni hiyo Thelma alizidiwa, akakimbizwa hospitali. Alifariki alfajiri ya Jumamosi, tarehe 4 Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka 79.

Ameacha mume, Clive, binti, Lorna, na wajukuu wawili, Imogen na Rhys. Clive hakuweza kusimama hapa kusoma. Ameomba lisemwe neno moja tu kwa niaba yake: alitaka sana kumfikisha kwa bibi.

Lala kwa utulivu, Thelma. Mungu akupe pumziko.