Kishindo, Mpiga Ngoma wa Misumari Minne

Wapendwa waombolezaji, dada yetu mpendwa alizaliwa Alhamisi, tarehe 9 Mei 1963, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili. Baba alikuwa mpaka rangi wa magari na mama mshonaji wa sare za shule. Mkunga aliyempokea alimwambia mama kwamba mtoto huyu amekuja na sauti ya watu watatu. Jina alilopewa siku ile limo kwenye vyeti vyake, lakini tangu akiwa na miaka kumi na sita hakuna aliyemwita kwa jina hilo isipokuwa walimu na madaktari. Sisi wengine tulimwita Kishindo, na humu ataitwa hivyo, kwa sababu ndivyo alivyoagiza.

Mimi ninayesoma ni mdogo wake, yule wa pili na wa mwisho. Aliagiza nisome mimi, si mwingine, na sababu ya agizo hilo mtaijua kabla hatujamaliza. Naomba pia mnisamehe kwa mikunjo ya gauni hili. Nimeona baadhi ya shangazi wakinitazama tangu asubuhi.

Marehemu alianza shule ya msingi Januari 1971 na kumaliza sekondari Novemba 1981. Darasani alikuwa wa wastani, na nasema wastani kwa heshima ya siku ya leo. Mwaka 1979 mwanafunzi mwenzake, tuliyemwita Waya kwa wembamba wake, alikuja nyumbani na kanda iliyonakiliwa kutoka kanda nyingine, nayo kutoka nyingine. Ndani yake mlikuwa na vijana wa mbali wakipiga gitaa kama watu wanaobomoa nyumba. Mimi niliziba masikio. Kishindo alikaa sakafuni akasikiliza upande wa kwanza, akageuza akasikiliza wa pili, akageuza tena. Jumamosi iliyofuata alinyoa nywele upande mmoja kwa wembe wa baba, akavaa mabuti ya baba yaliyomzidi namba tatu, vidoleni kayajaza magazeti.

"Mwanangu, unaumwa?" mama alimuuliza.

"Siumwi, mama. Hii ni panki, mtindo wa wale wa kwenye kanda."

"Basi hiyo panki yako ikaoshe vyombo."

Shule ilimrudisha nyumbani wiki mbili kwa ajili ya zile nywele. Ndizo wiki mbili alizojifunza kupiga ngoma. Alikuwa na ngoma moja ya gwaride iliyotupwa na shule, ikazibwa kwa gundi ya baba. Alikuwa na ndoo mbili za rangi, na mfuniko wa sufuria kubwa kuliko zote za mama, ulioning'inizwa kwa waya. Kwa miaka miwili nyumba yetu ilipika kwa kufunikia sinia.

Kikundi chao kiliitwa Misumari Minne. Waya alipiga gitaa, kijana mmoja mrefu asiyeongea alipiga besi, na msichana tuliyemwita Kengele aliimba, kama neno kuimba linatosha. Walifanya mazoezi kila Jumamosi saa kumi alasiri kwenye gereji ya baba, wateja wakishaondoka. Nyimbo walitunga wenyewe. Walikuwa na wimbo wa kumsema mwalimu wa zamu, na wimbo wa kumsema baba yake Waya, ambao baba yake Waya aliupenda sana. Wimbo wa Kishindo uliitwa "Sitaki Kupiga Pasi". Mama alitupangia tunyooshe sare za wateja kila jioni, naye dada aliweka uchungu wake wote humo. Waliufanya wa mwisho siku zote kwa sababu baada ya hapo mikono yake ilikuwa haifai kitu.

Jumamosi, tarehe 22 Agosti 1981, waliweka redio kaseti juu ya pipa la rangi wakarekodi nyimbo zao zote upande mmoja wa kanda ya dakika tisini. Ilikuwa nakala moja tu duniani. Kishindo aliivunja vile vijiplastiki viwili vya mgongoni. Vijana wa leo hamjui: kanda ikivunjwa pale, kitufe cha kurekodi hakishuki tena, na kilichomo kimelindwa. Januari iliyofuata Misumari Minne walitawanyika. Mrefu alikwenda chuo, Kengele akahama na wazazi wake, na hatujamsikia tena hadi leo.

Sasa niseme langu. Jumapili, tarehe 4 Aprili 1982, nilikuwa na miaka kumi na minne, na nilikuwa nimepeleka kadi kwenye kipindi cha salamu cha redio. Nilitaka jina langu lisomwe, na nilitaka kulihifadhi likisomwa. Sikuwa na kanda. Nikachukua iliyokuwa mezani, nikaona imevunjwa mgongoni, na kila mtoto wa wakati ule alijua dawa yake: unatafuna karatasi, unaziba tundu, kitufe kinashuka. Nilitafuna ukurasa wa daftari la jiografia. Nilirekodi salamu za watu wengine dakika arobaini na tatu, mpaka kipindi kikaisha. Jina langu halikusomwa. Nilipozima ndipo nikaona pembeni maandishi madogo ya dada: Misumari Minne.

Jioni ile aliniuliza, "We mdogo wangu, hujaiona kanda yangu?" Nikamwambia sijaiona. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka arobaini na miwili. Niliificha chini ya sanduku la vyeti, ikahama nami nyumba tano. Sikuthubutu kuisikiliza hata mara moja.

Kwa upande wa kazi, marehemu aliajiriwa tarehe 3 Januari 1984 katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa ya mji, na huko akafua, akakausha na, naam, akapiga pasi mashuka kwa miaka thelathini na minne, hadi alipostaafu Juni 2018. Alicheka mwenyewe kuhusu hilo kabla hujamcheka. Wenzake waliopo hapa leo wanajua kwamba mashine namba tatu ilikuwa na kishindo kibovu kila ilipokamua, na kwamba alimkataza fundi kuitengeneza. Aliifuata kwa viganja juu ya meza ya kukunjia, na wao wakamwitikia kiitikio cha wimbo wake, wanawake wazima wenye wajukuu, wakiimba kwamba hawataki kupiga pasi huku pasi zikitoa mvuke mikononi mwao.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1987, na fundi wa majokofu, shemeji yetu huyu mpole. Walijaliwa binti mmoja mwaka 1990. Shemeji aliwahi kuniambia jambo ambalo liliniondolea usingizi. Alisema ile redio kaseti ya zamani ameifungua mara tisa, ameibadilisha mikanda ya mpira, ameisafisha kichwa kwa spiriti. "Dada yako anasema kanda itapatikana siku moja," alisema, "na ikipatikana isikute redio imekufa." Nilimwangalia fundi wa watu, nikanywa chai yangu.

Dada hakuwa mtu wa kulialia. Lakini Jumamosi saa kumi alasiri ulikuwa humpati. Alikaa kibarazani mikono juu ya mapaja, vidole vikienda, macho hayapo. Binti yake alimtafutia kwenye simu nyimbo zote za panki na roki za miaka ile, za vijana wale wale wa mbali. Alizisikiliza kwa adabu. "Nzuri," alisema, "ila hizi si zetu." Kila tulipohama, kila tulipozika mzee, kila sanduku la zamani lilipofunguliwa, aliiulizia tena ile kanda. Aliiulizia hata kwenye msiba wa mama. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimesimama karibu yake nikimshika mkono.

Septemba 2022 madaktari walimwambia kwamba figo zake zimechoka. Alianza kusafishwa damu kwa mashine Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila mara, nami nilikaa naye. Aliilalamikia mashine kwa jambo moja tu, kwamba mlio wake haukai kwenye mdundo. Jumatano, tarehe 6 Machi 2024, alinitazama akasema, "Unajua ninachokitamani? Si kupona. Natamani kusikia nilikuwa nani." Hapo ulimi wangu ukafunguka wenyewe. Nikamweleza yote, karatasi ya jiografia na yote.

Mashine ikalia, muuguzi akaja na kuondoka.

"Jina lako lilisomwa?" aliuliza.

"Halikusomwa."

Alicheka mpaka muuguzi akarudi mbio. Kisha akaacha kucheka, akaniambia niende nyumbani, na kwa siku kumi na moja hakutaka kuniona. Shemeji ndiye aliyempeleka. Mimi nilikaa chumbani kwangu na ile kanda mapajani. Maji yakimwagika hayazoleki, nilijua hivyo, na nililia kama mtoto aliyevunja sahani ya watu.

Jumapili, tarehe 17, binti yake alinipigia simu. "Mamdogo, mama anasema kesho uilete hiyo kanda hospitali."

Shemeji alikuja na redio kaseti kaikumbatia. Tukaiweka juu ya kabati la kando ya kiti chake, tukasikiliza salamu. Kishindo alisikiliza kila jina. Watu wa mwaka 1982 walikuwa wakiwasalimu wajomba, wachumba, mafundi cherehani, popote walipo. "Hawa wote wako wapi sasa?" aliuliza. Dakika ya arobaini na tatu kipindi kikaisha, kitufe nilichozimia siku ile kikalia ndani ya kanda, nami nikanyoosha mkono kuzima. Nilijua hakuna zaidi.

Kumbe nilizima mapema siku ile. Baada ya salamu ilikuwepo kelele, mtu akiburuta kiti sakafuni gerejini, na sauti ya msichana wa miaka kumi na minane: "Waya, punguza! Moja, mbili, tatu, nne!" Halafu ngoma zikaingia, na mfuniko wa mama, na gitaa, na Kengele akipiga mayowe kwamba hataki kupiga pasi. Kilikuwa kipande cha dakika moja na nusu. Kabla ya kiitikio cha mwisho kanda ikafika mwisho wake.

Wapendwa, kama ningesema ukweli jioni ile ya Aprili, angekuwa na dakika hiyo moja na nusu maisha yake yote. Sikumnyang'anya wimbo tu. Nilimnyang'anya hata mabaki.

Alikuwa amefumba macho. "Tulikuwa tunakimbiza," alisema. "Wote wanne. Sijui tulikuwa na haraka ya kwenda wapi."

"Dada, nisamehe."

"Sijasema nimekusamehe. Nimesema rudisha."

Hakuwa amesema, lakini nilirudisha kanda nyuma. Tulisikiliza mara sita. Mara ya sita kanda ilipokatika, aliendelea kupiga mdundo peke yake, kwa mkono usio na sindano, mpaka kiitikio kikaisha. Kisha akatoa hukumu yake. "Wasifu wangu utausoma wewe. Na utawaambia ulichofanya. Ulitaka watu wakusikie, si ndivyo? Basi siku hiyo watakusikia."

Tangu hapo tulikwenda na kanda kila mara. Waya, ambaye sasa ni daktari wa meno, alikuja Ijumaa moja akasikiliza akiwa na koti lake jeupe, akatoka nje bila kuaga. Neno la msamaha dada hakulitaja tena, nami sikuthubutu kumwomba mara ya pili. Hali yake ilibadilika mwishoni mwa Oktoba. Alifariki dunia Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024, saa kumi na dakika ishirini alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, mumewe na binti yake wakiwa kando yake. Mimi nilikuwa njiani.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja, mkwe, wajukuu wawili, mdogo wake mmoja, na wenzake wote wa chumba cha kufulia. Misumari amewaacha wawili kwa hakika, na wa tatu popote alipo.

Juzi binti yake alinikabidhi kanda. Nikaona kwenye tundu la upande wa pili, ule ambao haukuwahi kurekodiwa kitu, pamezibwa kwa karatasi iliyotafunwa, mpya kabisa. "Alinifundisha kutafuna," mtoto alisema. "Nilidhani dawa zimempanda kichwani."

Nimeisikiliza peke yangu. Inaanza na mlio wa ile mashine isiyokaa kwenye mdundo. Kisha sauti ya dada, imechoka, inaiga mtangazaji: "Na salamu za mwisho leo zimwendee..." akataja majina yangu yote matatu, moja moja, kama nilivyoyaandika kwenye kadi mwaka 1982. "Popote alipo. Ujumbe: yameisha, mdogo wangu. Siku ya kunizika, usipige pasi."

Nimetii, dada. Pumzika kwa amani.