Skafu ya Alois Prohaska

Baada ya miaka thelathini na saba na miezi kumi mlangoni, mwenzetu Alois Prohaska anastaafu Jumapili hii, tarehe 28 Juni 2026. Alianza kazi katika ukumbi wetu wa muziki hapa Vienna tarehe 1 Septemba 1988, akapewa mlango wa sehemu ya kusimama, kule nyuma ambako tiketi ni za bei nafuu na wasikilizaji ni wagumu.

Watu wa kule nyuma hufika mapema, hufunga skafu kwenye reli ya shaba, kisha huenda kunywa kahawa. Skafu ikishafungwa, mahali pale pana mwenyewe. Alois amezilinda skafu hizo kama watoto wa watu. Iliyosahauliwa aliichukua nyumbani, akaifua, akaipiga pasi na kuirudisha.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa kulinda amani. Bwana Kratky, dereva wa tramu mstaafu, anataka muziki wa mtunzi Bruckner upigwe polepole. Bibi Hedwig, fundi cherehani, anautaka wenye mwendo. Miaka thelathini wanasimama bega kwa bega wakizozana.

"Huyu kiongozi wa okestra anakimbia kama ameacha maziwa jikoni!" bwana hulalamika.

"Afadhali huyu, Bwana Profesa. Yule wako, nikisinzia nikaamka, bado wanaanza!" bibi humjibu, akimpa uprofesa kwa kejeli.

Wakimgeukia Alois awaamue, hujibu, "Mlango wangu hauna chama, waheshimiwa."

Safari moja waligombana kwa sababu ya mpiga piano, wakati wa mapumziko, kila mmoja akaapa kwenda kwake. Walipofika kwenye reli wakakuta Alois amezifunga skafu zao pamoja, fundo moja la nguvu. Wakahangaika nalo mpaka kengele ikalia. Wakabaki, na kesho yake wakarudi.

Ila kuna jambo wengi hamlijui. Mlinda mlango huufunga mlango akiwa nje, na siku za mapumziko ya Alois ndizo siku ukumbi wenyewe umefungwa. Mlango ule ni mnene, umevikwa ngozi; hupitisha ngoma na matarumbeta, basi. Zile sehemu za taratibu, ambazo watu hutoka nazo macho yakiwa bado yana maji, Alois ameziona nyusoni mwao tu. Hajapata kuzisikia humu ndani. Na sasa daktari amemwambia sikio la kushoto limekwisha, na la kulia linafuata. Tangu nijue, sina raha. Kila siku namletea supu ya kuku, kana kwamba supu inatibu masikio.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, alisema, "Saa ninayo, Milica. Nataka nisimame ndani mara moja tu. Ile sehemu ya taratibu."

Jumapili saa tano asubuhi unapigwa muziki wa Bruckner. Nikawaendea wale wawili kuwaomba nafasi. Bwana Kratky alitaka skafu ya Alois ifungwe katikati, mahali pa heshima. Bibi Hedwig akakataa: ifungwe mwisho kabisa wa kushoto, ili sikio lake la kulia lielekee okestra. Huo mwisho wa kushoto ni mahali pa Bwana Kratky mwenyewe, tangu miaka hiyo yote. Alivuta pua, akasema, "Kweli, Hedwig." Wala hatujui bado muziki utapigwa polepole au mbio, na safari hii hakuna aliyeuliza.

Alois, asante kwa kila skafu na kila fundo. Tunakutakia mapumziko mema, miguu isiyouma, na sikio litakalokuvumilia japo mpaka Jumapili ipite. Ukifika, usiuguse mlango. Nitaufunga mimi, kwa nje, na nitaufunga polepole.

Milica, chumba cha makoti