Paka Mheshimiwa Alivyonusurika Kuhamishiwa Kidichi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe Shangani, asifiwe Darajani, na kwetu Mkunazini asifiwe kwa sauti ya chini. Hiyo sauti ya chini ina sababu, na sababu hiyo ndiyo ushuhuda wangu.

Mimi ni fundi wa mafriji. Kidato cha nne nimemaliza shule ya jioni, nikiwa na miaka thelathini na minane na kitambi juu, na namshukuru Mungu kwa vyote viwili. Naishi na Mama yangu mzazi katika vyumba viwili vya ghorofani, pamoja na paka anayeitwa Mheshimiwa. Marehemu Baba alimuokota sokoni akiwa mdogo kama limau. Sasa ni mzee wa miaka kumi na minne, masikio yamekuwa mazito, na akitembea utadhani anakwenda kuzindua mradi.

Baba alipofariki, Mama aliacha kula. Sahani inakaa mapajani mpaka wali unakauka kama changarawe! Aliyemrudisha kwenye chakula ni yule paka. Paka akila dagaa, Mama naye anamega tonge. Kwa hiyo ndugu zangu, nikisema paka, jueni nasema Mama.

Mwaka jana, Jumamosi moja, ibada ya nyumbani ilikuwa zamu yetu. Anayeongoza ibada hizo ni Mzee Zakaria, mzee wa kanisa, na ana tari lake lenye visahani vya bati pembeni. Mzee yule akilipiga, Pemba wanasikia. Ubeti wa pili haujaisha, Mheshimiwa akaruka juu, akaanguka ubavu, miguu ikapiga hewa, povu likamtoka, akajikojolea pale pale mkekani. Wimbo ulikatika kama umeme!

"Pepo hilo!" akasema Mzee Zakaria. "Haliwezi kuvumilia sifa."

Tukamuombea. Watu wazima kumi na wawili, nasema kweli mbele za Mungu, tumemnyooshea paka mikono! Mimi nikajitia ushujaa, nikamtia kijiko mdomoni asijing'ate ulimi. Akaning'ata mimi! Kidole hiki mnachokiona kilivimba kikawa papai. Dada mmoja akamnusisha kiatu. Baada ya dakika mbili paka akainuka, akayumba kama mlevi, akadai chakula. Haleluya! Mzee Zakaria kwa furaha akalikamata tari tena. Paka chini tena!

Jirani yetu wa chini, Bi Salama, ni Muislamu mcha Mungu, na mtu mwenye huruma kuliko wengi wetu humu. Siku ya pili akapanda ngazi na chetezo cha udi kinafuka.

"Mwanangu, paka wenu nshamtazama siku nyingi," akaniambia. "Muuza kahawa akipita baada ya alasiri, akigonganisha vile vikombe vyake, huyu huanguka. Ana jini huyu. Na jini lenyewe lataka kahawa."

"Bi Salama, huyu paka wa Kikristo."

"Jini halitazami dini, baba. Mpe kahawa!"

Ndugu zangu, nilimpa. Usinicheke, ukifikwa utampa hata biriani. Mheshimiwa akanusa, akanitazama kama nimemtukana wazazi wake, akaipindua kahawa pamoja na kikombe chake.

Wiki zikapita, paka anaanguka, na hakuna ajuaye kwa nini. Mama akawa anashinda naye mapajani kutwa nzima, na sahani ikaanza kurudi jikoni imejaa. Pale ndipo nilipoogopa kweli. Halafu Jumatatu moja Mzee Zakaria akaja na uamuzi.

"Ndugu yangu, nakupa mpaka Jumamosi. Paka huyo mtie kwenye gunia, umpeleke Kidichi, umwachie huko kwenye mashamba ya viungo. La sivyo, ibada haitakanyaga tena nyumba hii."

Mama alikuwa mlangoni, kasikia yote. Hakulia. Akaingia ndani, akaanza kukunja kanga zake.

"Akitoka huyu, natoka na mimi," akasema. "Nikatie tiketi ya Tabora."

Mama yangu hajakaa Tabora tangu usichana wake! Huko angekula na nani?

Nikaingia chumbani nikapiga magoti. Nikasema, Bwana, mimi fundi wa mafriji, sijui kutoa mapepo. Na hapo hapo, ndugu zangu, Bwana akanijibu kwa kazi yangu mwenyewe! Maana mteja akija na kilio kwamba friji limekufa, mimi silii naye. Namuuliza: lilikuwa likifanya nini kabla halijazima? Wiki zote zile nilikemea, nilifukiza, nilimwaga kahawa, na swali hilo sikumuuliza mtu.

Nikamtia Mheshimiwa kwenye tenga la kuku, bodaboda mpaka Kiembe Samaki, kwa daktari wa mifugo, binti mmoja mpole mwenye miwani.

"Anaanguka mara ngapi?" akauliza.

"Mara mia kwa siku, daktari!"

"Mara mia?"

"Basi... thelathini."

Akaweka kalamu chini, akanitazama.

"Mara tatu kwa wiki," nikasema. "Akizidi, nne."

"Kaka, ukitia chumvi, ntampa dawa ya paka mwingine. Nenda kaandike. Kila akianguka: saa ngapi, muda gani, na nini kilitokea kabla. Ijumaa urudi."

Nikanunua daftari. Jumanne: funguo za Mama zilianguka sakafuni, paka chini, dakika moja na nusu. Jumatano: muuza kahawa na vikombe vyake, paka chini, dakika moja. Alhamisi: mimi mwenyewe nilikunjua karatasi ya bati iliyofungiwa samaki, paka chini. Nilikaa nikalisoma lile daftari mara mbili. Funguo, vikombe, bati, tari!

Ijumaa daktari akasoma, akatikisa kichwa taratibu. "Wapo paka wazee wanaoangushwa na sauti nyembamba kali kama hizi. Kwa nini ubongo wao uko hivyo, sitakudanganya, sijui. Lakini ni maradhi."

"Mbona hata nikimwita hasikii?"

"Wewe hakusikii. Vikombe anavisikia."

Akanipa vidonge, nusu asubuhi na nusu jioni. Akanionya: akianguka, usimtie kitu mdomoni, usimshike, ondoa vitu vilivyo karibu, nyumba iwe kimya, tazama saa. Ikipita dakika tano, mlete mbio.

Jumamosi, zamu yetu tena, watu wakaja. Nikamuomba Mzee Zakaria tari libaki nje, akakubali kwa shingo upande. Tukaimba nyimbo nne kwa makofi, na Mheshimiwa akakoroma mapajani mwa Mama.

"Pepo limejificha," akasema Mzee Zakaria. "Nalijua."

Nikafungua daftari nisome. Chai ilishamiminwa kwenye bilauri. Mzee Zakaria hunywa chai ya sukari vijiko vitano, na akikoroga, hukoroga kama anachanganya zege. Ting, ting, ting! Paka akaporomoka sakafuni, miguu hewani.

"Mzee, acha kijiko!" nikasema. "Watu wote kimya. Msimguse."

Nikasogeza viti, nikatazama saa. Hakuna aliyekemea. Mama alikuwa amepiga magoti pembeni, midomo inatikisika bila sauti. Dakika moja na sekunde ishirini. Mheshimiwa akapumua, akainua kichwa.

Mzee Zakaria bado ana kijiko hewani. Akakitazama kijiko, akamtazama paka, akakitazama kijiko.

"Wiki zote hizi namkemea pepo," akanong'ona, "kumbe mgonjwa wa watu nampigia tari masikioni." Akamgeukia Mama. "Mama, nisamehe. Hakuna anayekwenda Kidichi. Wala Tabora."

"Kunywa chai yako, Mzee," akajibu Mama. "Usikoroge tu."

Akainywa hivyo hivyo, sukari yote chini! Na usiku ule ule Mama alikula wali sahani mbili. Hapo sijatia chumvi.

Sitasema paka kapona. Bado huanguka, pengine mara moja kwa mwezi, lakini sisi hatuanguki naye. Muuza kahawa mwenyewe, Mungu ambariki, akifika kona yetu hutia vikombe mfukoni.

Asubuhi baada ya ibada ile, habari za daftari zimeshamfikia, Bi Salama akapanda tena, safari hii bila chetezo. Akakaa kitako, akawa anavuta pindo la buibui lake.

"Mwanangu, nna mtoto wa ndugu yangu Kizimkazi. Msichana mkubwa. Anaanguka hivi hivi. Tumemfungia ndani miaka sita, kwa haya tu. Na yeye ataandikiwa daftari?"

"Yeye atapelekwa hospitali, Bi Salama. Daftari utaandika wewe."

Jumatatu wakaenda. Sasa anatumia dawa. Wiki iliyopita alikuja mjini, akapanda ngazi zetu kwa miguu yake, akala na Mama sahani moja.

Ndugu zangu, namrudishia Mungu utukufu! Kama kwako yuko anayeanguka, mtoe chumbani. Muombee, tena kwa bidii! Halafu mshike mkono mwende kwa daktari. Mtumaini Bwana. Mungu ambaye hakuona haya kuhangaika na paka wangu, ataona haya gani kwa mwanao?