Mzee Sefania na Mti wa Mapokezi

Kabla sijaandika nilichoagizwa kwa ajili ya ratiba ya sherehe ya kuagana, nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama: ninauonea wivu mti. Ni ule mti wa mpira ulioko mapokezi, wenye majani mapana yanayong'aa kama viatu vya siku ya kipaimara.

Sasa niandike. Leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Sefania Shemweta anastaafu baada ya kuitumikia nyumba yetu ya wageni hapa Lushoto kwa miaka thelathini na moja. Alitoka Rangwi akaajiriwa kufyeka nyasi. Mwaka 1998 mgeni mmoja aliacha chumbani kitawi ndani ya glasi ya maji. Wenzake walitaka kukitupa; yeye akakipanda kwenye kopo la rangi. Leo kitawi hicho kinagusa dari, na kwa sababu yake alikabidhiwa miti yote ya ndani.

Kila asubuhi huufuta vumbi jani kwa jani, akiuzungumzisha kwa Kishambaa kama mjukuu. Kila Jumatatu huugeuza kidogo ili usiinamie dirishani. Mwezi wa saba, ukungu unaposhuka, huusogeza mbali na mlango hata kabla hajavaa koti lake. Mimi nilianza kazi Januari, nimetoka kidato cha nne. Baridi ya mwezi huohuo wa saba iliponipa mafua, aliniambia pole. Mti ulipata blanketi.

Wakubwa husimulia mwaka mmoja alipokwenda likizo. Mpishi, mlinzi na dobi, kila mmoja kwa siri, waliumwagilia ili wasifiwe akirudi. Alirudi akaukuta umesimama kwenye maji, majani ya njano. Hakugomba. Aliwapanga mstari akawafundisha kuchomeka kidole kwenye udongo kabla ya kushika kopo la maji. Mpaka leo mpishi akiuliza kama wali umeiva, huambiwa achomeke kidole.

Wiki iliyopita tulikubaliana zawadi yake iwe mti huo. Nilipiga makofi na wenzangu, lakini moyoni niliona wanaondoka wawili na mimi nabaki. Alipoambiwa, alicheka akakataa.

"Kwangu tunapikia kuni, mti utakohoa," alisema. "Abaki nao yule anayeusalimia kila asubuhi akidhani hakuna anayemsikia. Ijumaa ajitokeze mwenyewe."

Wote walimgeukia Husna wa mapokezi, ambaye huongea hata na simu iliyozimika. Husna alitabasamu, wala hakukana. Wivu ukanipanda upya, safari hii si kwa mti.

Maana ni mimi. Nikifagia mapokezi alfajiri, husimama mbele ya mti nikasema shikamoo, kwa kuwa umenizidi umri. Nilianza kwa kutaka kujua Mzee anaona nini pale. Sasa nikipita kimya najiona sina adabu.

Mzee Sefania, asante kwa mikono yako na kwa masikio yako. Ufike Rangwi salama, upate afya, na chai ya asubuhi uinywe umekaa.

Nawe unayesoma, wakigawa keki nitasimama niseme. Mpaka hapo, tafadhali, usimwambie Husna. Yeye katika ratiba hii atakuwa amesoma ukurasa wa chakula tu.