Mrija Shambani kwa Basant Kaur

Kijiwe chenyewe ni vitanda viwili vya kamba mbele ya kibanda cha chai cha Karma, pale njia ya kwenda mji wa Sangrur inapovuka mfereji. Mwezi wa saba, mpunga ukishashika na zamu ya umeme wa pampu haijafika, hapo humkosi Radio, ambaye habari zote humfikia yeye kwanza zikiwa zimeshaharibika. Wakili, ambaye sheria hakusoma ila ana kesi ya mpaka na binamu yake inayoingia mwaka wa kumi na moja. Na Meja, aliyelipikia jeshi dengu miaka ishirini. Siku hiyo alikuwepo pia Mewa Singh, mkulima wa ekari sita, ameshika kikombe na hanywi. Kisima chake kilikuwa kimeanza kutema mchanga. Wachimbaji wangekuja Alhamisi kukizamisha zaidi, mara ya tatu katika miaka minane, na ili awalipe alikuwa amekubali kumuuza nyati wa maziwa ambaye mkewe alimlea tangu ndama. Mkewe alikuwa hajamsemesha tangu juzi.

Kijiwe hakikuwa na habari na nyati. Kilikuwa na mrija. Mwezi na nusu uliopita watu wa chuo kikuu cha kilimo walisimika mrija wa plastiki katika mpunga wa mjane Basant Kaur, ukiwa na mistari ya kijani, njano na nyekundu. Shamba hilo limepakana na la Mewa.

— Mrija una masikio, — alisema Radio. — Ukiwasha pampu, ofisi ya umeme inasikia. Mwakani huu umeme wa bure tutaanza kuulipia.

— Masikio chini ya maji? — aliuliza Meja.

— Kwani samaki ni viziwi?

Wakili alikohoa kile kikohozi chake cha mahakamani.

— Nyie mnacheza. Ile ni alama ya mpaka. Kitu cha serikali kikikaa kwako misimu miwili hujapinga kwa maandishi, ardhi imekwenda. Hilo hata jaji wangu halijui.

— Ndiyo maana unashindwa.

— Sijashindwa. Inaahirishwa.

Meja alishusha kikombe taratibu.

— Jeshini tulikuwa na mirija kama ile. Kijani, adui yuko mbali. Njano, kaeni tayari. Nyekundu...

— Nyekundu, dengu zimeungua, — Wakili alimmalizia.

— Chekeni tu. Nimesema tangu siku ya kwanza na leo narudia: chini ya mpunga ule kuna petroli. Sisi tunawasha pampu kila umeme ukija. Yeye siku ya nne leo, kimya. Maji ya nini, mtu anasubiri mafuta?

— Dereva wa watu wa chuo nilimsikia kwenye simu akitaja shinikizo, — alisema Radio, macho yamemtoka. — Shinikizo la nini, kama si gesi? Jamani, tutahamishwa kijiji kizima.

— Fidia yangu wataipeleka mahakamani, — alisema Wakili, na alionekana kufurahi.

Wakamgeukia Mewa.

— Wewe jirani yake, umeona nini?

— Nimeona mpunga wake, — alisema Mewa. — Uko sawasawa na wangu.

Hilo ndilo lililokuwa likimsumbua. Siku nne bila maji, na mtu akisimama kwenye tuta hawezi kujua upi wa nani.

Hapo ikasimama pikipiki. Akashuka mama wa makamo mwenye mkoba wa posta, ambaye kijiji hakijamzoea. Ilikuwa wiki yake ya kwanza.

— Sat Sri Akal, wazee. Kwa Basant Kaur ni wapi? Ana barua ya chuo kikuu.

— Ilete niisome, — Wakili alinyoosha mkono. — Hiyo ni notisi.

— Si yako, baba mdogo.

Karma alimpa chai. Akainywa amesimama huku wakimweleza yote, masikio, mpaka, adui, petroli na gesi, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Aliwasikiliza kwa adabu hadi mwisho.

— Na mwenyewe anasemaje?

— Mwenyewe nani?

— Mwenye shamba. Mlipomuuliza, alisemaje?

Radio alimtazama Wakili. Wakili alimtazama Meja. Meja alitazama ndani ya kikombe chake. Kila asubuhi Basant Kaur alipita mbele yao na mzigo wa majani kichwani, na mzigo haukuwa ukimzuia kusema.

— Swali hilo, — alisema Wakili hatimaye, — lina utata.

Mewa alisimama.

— Twende, dada. Nitakuonyesha.

Walimkuta ndani ya matope, anang'oa magugu. Miwani ameiacha nyumbani, kwa hiyo mama wa posta alimsomea. Chuo kilimwomba aje kwenye maonyesho ya kilimo, awaeleze wakulima mia tatu jinsi anavyomwagilia.

— Mia tatu? — alisema Basant Kaur. — Nitaanzia wapi?

— Anzia kwangu, Bibi, — alisema Mewa. — Ule mrija ni wa nini?

Basant Kaur alimtazama kidogo, kama anayepima iwapo anataniwa.

— Maji ya udongoni yanaingia humo kwa matundu; yakiwa kwenye kijani, mizizi bado ina kinywaji chake, siwashi. Yakishuka kwenye njano, nawasha. Nyekundu sijawahi kufika. Waliotangulia kuutumia mwaka jana, pampu zao zilipumzika karibu nusu ya msimu, na mavuno hayakupungua hata gunia.

— Mbona hukutuambia?

— Nikipita mnanyamaza. Nikajua mna mambo yenu.

Mewa aliinama, akang'oa gugu lililokuwa karibu na mguu wake.

— Waliniachia mwingine, nimpe jirani, — aliendelea Basant Kaur. — Uko chini ya kitanda changu tangu tupande.

Waliusimika wenyewe shambani kwa Mewa, na kesho yake umeme ulipokuja, pampu za kijiji kizima zikaanza kunguruma. Maji ya mrija wake yalikuwa kwenye kijani. Mewa alisimama kando ya swichi na mikono ameificha kwapani, maana haikuzoea kukaa bure. Kisha akampigia mchimbaji: Alhamisi msije, kwa msimu huu nitajaribu njia nyingine.

Nyumbani alimkuta mkewe akimkamua nyati. Akamwambia kwamba nyati hauzwi, akamweleza habari za kijani na njano kwa kirefu, kama vile chuo kimemtuma yeye.

Mkewe hakuacha kukamua.

— Nilikwambia haya wiki ile ile waliyokuja, — alisema. — Basant na mimi tunakata majani pamoja. Ukanijibu Meja anasema ni petroli.