Pipa la Mchanga la Verna Stuckey

Wasikilizaji wapendwa, hebu zimeni hiyo mashine ya kufulia kidogo. Nanyi mlioko barabarani punguzeni mwendo, daraja la mtoni lina utelezi. Ni mimi yule yule, Lonnie, sauti yenu ya Marl Creek, na leo sina mzaha mwingi. Verna Stuckey ametutoka. Tulimzika jana. Verna wa ile nyumba ya kijani nyuma ya kiwanda cha Dunmeier. Verna, mpiga majaribio wa bastola zetu.

Nasema zetu kwa sababu zilikuwa zetu. Nusu ya mji huu ililelewa na kiwanda cha Dunmeier. Tulitengeneza bastola za bei ya chini kuliko zote Ohio, za kumiminwa kwenye kalibu kwa madini ya zinki, maana chuma kizuri kina wenyewe. Wakubwa wa biashara hii walitucheka. Verna hakujali. Akisikia dharau alikuwa anasema, "Tajiri ana mlinzi mlangoni. Mama anayefunga kituo cha mafuta saa sita usiku ana nini?"

Lakini tusidanganyane, jamani. Bastola zetu nyingine ziliishia kwenye makabati ya ushahidi ya polisi kule Cleveland, na kila iliyofika huko ilikuwa imemliza mtu. Hilo nalo Verna alilijua. Alikuwa akilisikia kwenye taarifa ya habari anazima televisheni na kwenda kukaa barazani.

Kazi yake ilikuwa hivi. Kila bastola iliyokamilika ilifika chumbani kwake. Anaijaza, anaipiga ndani ya pipa la mchanga wenye maji, anaikagua. Ikipona, anaigonga nyota ndogo chini ya mpini. Nyota ile maana yake ni moja tu: Verna ameipiga, na haikumdhuru. Mchana kutwa tulisikia paa, paa, paa. Watoto wachanga wa mji huu walilala kwa mlio ule. Siku ya mapumziko, kukiwa kimya, ndipo walipolia.

Upande wa pili wa ukuta alikuwepo Orrin, mtu wa tanuri. Siku moja akampigia kelele, "Wewe dada, unaniua masikio!" Verna akamjibu, "Na wewe unaniua pua. Kaoge kwanza, ndiyo uje ulalamike!" Kiwanda kizima kikacheka. Orrin alikwenda kuoga, akarudi amechana nywele. Wakaoana kabla mwaka haujaisha.

Sasa sikilizeni desturi ya pale, maana kisa chote kiko hapo. Risasi za Verna zilibaki mchangani. Krismasi ikikaribia, watu wa tanuri wanachimba pipa, wanachekecha mchanga, wanaokota risasi zote na kuziyeyusha. Yale madini yanauzwa, na kila mfanyakazi anapelekewa nyumbani paja la nguruwe la kukaushwa kwa moshi. Mwanamke anapiga, wanaume wanachimba, mji mzima unakula. Orrin ndiye aliyeshika koleo. Hakuruhusu mtu mwingine.

Kisha mambo yakaanza kwenda mrama. Majimbo kadhaa yakapiga marufuku bastola za zinki. Bima ikapanda. Wageni wakaleta bastola za bei kama zetu, nyepesi na nzuri kuliko zetu. Mzee Dunmeier akafariki, kiti akakalia mwanawe, Kip. Na Krismasi moja Kip akatangaza kwamba mwaka huo hakuna nyama, na pipa lisichimbwe. Tulisema kijana ana mkono wa birika. Hatukuuliza zaidi ya hapo.

Mwaka uliofuata Orrin akastaafu. Kama ilivyokuwa ada, alipewa bastola ya zawadi, imepakwa nikeli, inang'aa mpaka unaweza kujinyolea. Na bastola za zawadi, wasikilizaji wapendwa, hazikupigwa majaribio. Kamwe. Tuliona ni aibu kumpa mtu zawadi yenye masizi. Katika zote zilizotoka kiwandani, zile za wapendwa wetu ndizo peke yake ambazo hazikuwahi kujaribiwa. Verna aliigonga nyota, akaifunga utepe, akampa mumewe busu mbele ya watu.

Julai nne, sikukuu ya uhuru, fataki zinapigwa, Orrin akatoka nayo uani akaipiga hewani. Ikapasuka mkononi. Jicho lake la kushoto likaenda hapo hapo.

Hospitalini Orrin hakuilaumu kampuni. Alisema, "Ni ya zawadi ile. Za zawadi hazipigwi. Bahati mbaya tu."

Verna akakaa kitandani kwake, akamshika mkono. Mpwa wao, Tammy Raber, alikuwepo, naye ndiye aliyenisimulia. Verna alisema, "Orrin, siku hizi zote ni za zawadi."

"Unasema nini wewe?"

"Kip kakataza. Anasema risasi za majaribio ni hasara. Napiga moja, nagonga nyota boksi zima. Alisema nikikataa anafunga kiwanda. Na mimi nikagonga."

Orrin akautoa mkono wake. "Mlio nilikuwa nausikia kila siku, Verna."

"Ulikuwa unasikia mchache. Hukutaka kuusikia."

"Nyamaza. Ukisema hayo nje, unaua mji."

Alinyamaza. Muda mrefu alinyamaza. Lakini wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Baba mmoja kule Kentucky bastola yetu ilimkata vidole vya mkono wa kulia. Ilikuwa na nyota ya Verna. Akaenda mahakamani. Verna akaitwa. Akapanda kizimbani, akaapa, akasema yote, hata lake mwenyewe: nyota niligonga mimi, na bastola sikuipiga.

Kip akaapa kwamba kila bastola ilipigwa. Kila moja. Kabla hakimu hajaamua, kampuni ikatangaza kufilisika, milango ikafungwa, na kesi ikaishia hewani. Hakuna aliyewahi kuambiwa nani alisema kweli.

Basi mji ukajiamulia wenyewe. Gene Haddix, jirani yake, aliyekula nyama ya pipa lile tangu ana nywele kichwani, alimwambia dukani mbele za watu, "Haya mama, umefurahi? Umetuuza kwa uongo." Kanisani watu walisogea benchi lingine. Na Orrin, ee Mungu wangu, Orrin alifungasha. Alikwenda kwa dada yake Arizona. Mlangoni alimwambia mkewe, "Ungenyamaza, ningebaki na jicho moja na mji wangu. Sasa sina chochote."

Kiwanda kiliponadiwa watu walinunua mashine, viti, hata saa ya ukutani. Verna alinunua kitu kimoja: pipa la mchanga. Watu wa mnada walilifunga mfuniko kwa waya, wakaligonga lakiri yao ya bati, wakamtupia uani. Likakaa pale. Nyasi zikaota, waya ukashika kutu.

Tammy alimuuliza mara nyingi, "Shangazi, si ulifungue tu uwaonyeshe? Kama hukupiga, risasi hazimo."

"Nikichimba mimi, watasema nimezitoa."

"Basi mwite Gene achimbe."

"Gene wa nini? Koleo lina mwenyewe. Achimbe Orrin."

Hilo ndilo alilolitaka duniani, wasikilizaji wapendwa. Hakutaka aombwe radhi na mji. Hakutaka fidia. Alitaka mumewe aje, ashike koleo, aone kwa jicho lililobaki. Alimpigia simu kila Krismasi. Orrin alikuwa akipokea, anasikiliza, anasema, "Asante kwa kupiga, Verna," na kukata. Naye anatoka uani, anafuta theluji juu ya mfuniko kwa mkono wake, anarudi ndani. Alimkumbuka mpaka akawa anapika viazi vya watu wawili, anavila viwili viwili peke yake. Alimkumbuka mpaka akaukumbuka ule moshi wa tanuri uliokuwa unamkera.

Moyo wake ulisimama Jumanne, akiwa anamenya viazi.

Orrin alikuja. Tammy alimpigia, naye akaja kwa basi, amekonda, kofia mkononi. Mazishini alisimama nyuma kabisa. Baadaye tulikwenda nyumbani, mnavyojua, akina mama wameleta mabakuli ya viazi na jibini, wanaume wamejaa uani hawajui mikono yao waiweke wapi. Gene akamwona akasema, "Umechelewa, bwana."

"Najua," Orrin akasema. "Nipe koleo."

Akamwonyesha Gene ule waya. "Angalia lakiri. Imefunguliwa?"

Gene akainama, akaikwangua kutu kwa kucha. "Haijaguswa."

Orrin akakata waya. Akachimba. Mimi nilikuwepo, nimesimama na sahani yangu. Alijaza chekeche, akachekecha, zikabaki risasi mbili tatu. Akajaza tena. Mchanga mtupu. Pipa lile halikuchimbwa tangu Krismasi iliyokosa nyama, na kabla yake risasi zake zilikuwa zikijaza toroli kila mwaka. Gene akavua koti akamsaidia. Wakafika chini kabisa, koleo likagonga bati. Risasi zote za pipa zilienea kwenye kikombe cha kahawa, na hazikukijaza.

Orrin akapiga magoti kwenye ule mchanga na suti yake ya msiba, akalia kama mtoto. "Zote," alisema. "Verna, zote zilikuwa za zawadi."

Gene aliingia ndani, akakaa jikoni na Tammy, akamenya vile viazi vilivyobaki. Sijui kwa nini. Nadhani naye hakujua.

Kwa familia ya Stuckey na ya Raber, kwako Tammy uliyemtunza, poleni sana. Mungu ampe Verna pumziko. Na sisi tuliobaki, tujiulize. Pipa lilikuwa uani miaka yote hiyo. Uzio wake ni mfupi, hata mimi naweza kuuruka na kitambi hiki. Kama yupo mtu aliyekuambia jambo ukakataa kwenda kutazama, vaa viatu uende leo, angali anaweza kukufungulia mlango.

Orrin yuko hapa studio. Nimemwekea kipaza sauti, lakini ameshindwa. Kaniomba niseme mimi, na niseme mara mbili, kwa wale walio mbali na redio.

Verna alisema kweli.

Verna alisema kweli.