Muhuri wa Begani: Maisha ya Fundi Kabati

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Fundi Kabati, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa mwashi na mshonaji.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975. Huko alichanjwa begani dhidi ya kifua kikuu, likabaki kovu aliloliita muhuri. Laiti angeliacha liwe kovu tu.

Alijifunza useremala, na mwaka 1986 akafungua karakana yake. Aliyemletea mbao mbichi alirudi nazo nyumbani. Mwaka 1988 alifunga ndoa, wakajaliwa watoto wanne. Alikuwa mume mpole, mcheshi, na mbishi kupita kiasi.

Mwaka juzi muuguzi wa zahanati alifika karakanani na chanjo ya pepopunda. Marehemu akapandisha mkono wa shati.

"Mimi nilishapigwa muhuri, mwanangu."

"Baba, huo ni wa kifua kikuu."

"Kwani mwili wangu una vyumba? Kifua huku, miguu kule?"

Mafundi wakaangua kicheko, nao wakaonyesha mabega. Muuguzi akafunga kisanduku chake, akaondoka. Kila aliyemkumbusha baadaye alipewa utani huohuo.

Tarehe 3 Juni mwaka huu alikanyaga msumari wenye kutu, akapaka mafuta ya taa, akaendelea na kazi. Wiki iliyofuata taya zilibana, mgongo ukapinda. Hospitali walihangaika naye hadi alipofariki tarehe 17 Juni. Tuambizane ukweli: hakurogwa, wala hatukubali kusikia kwamba siku zake zilikuwa zimefika. Ugonjwa huu una kinga, na kinga hiyo ililetwa hadi mlangoni kwake.

Jana, hapa msibani, mwanawe wa kwanza, mrithi wa karakana, aliulizwa na shangazi yake kama ameshachanjwa. Akajibu, "Shangazi, mimi ninao muhuri." Baba yake hata hajazikwa! Mama yake aliinuka, akamnyang'anya ufunguo wa karakana.

"Baba yako alinichekesha miaka yote," akamwambia. "Wewe hunichekeshi."

Ufunguo bado anao. Hatautoa kwa fundi yeyote, awe mwanawe au wa jirani, mpaka muuguzi amthibitishie kwa kinywa chake kwamba amechanjwa. Muuguzi yupo, ameketi pale barazani.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu sita na dada wawili. Mungu ampe pumziko la amani. Mafundi, mkitoka makaburini, barazani kwanza.